Noeli na Wito: Usijibu kwa Mdomo wa Mwenzako



Jumapili moja ya Majilio, baada ya Misa Takatifu, mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa hapa Garissa, chini ya kivuli cha mwarobaini. Alikuwa amekuja kutoka bara kumtembelea mume wake ambaye ni mwalimu huku, na kesho yake alikuwa apande basi kurudi kwa watoto. Alinisalimu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Katekista, baba watoto anasema Mungu amemwita akae huku. Sasa ni miaka saba. Mimi Mungu hajaniambia kitu. Je, nami nimeitwa, au nimeachwa?”

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba anipe muda, nikamwahidi kwamba nitamjibu kwa maandishi ili na wengine wasome. Najua hayuko peke yake. Huku Kaskazini Mashariki wengi wetu Wakristo tumetoka mbali: walimu, wauguzi, askari, mafundi, wafanyabiashara. Nyumba zetu nyingi zina miguu miwili, mmoja Garissa, Wajir au Mandera, na mwingine Kitui, Meru, Kakamega au Kisii. Noeli inapofika, miguu hiyo miwili huanza kuuma.

Noeli ni nini hasa?

Ukimwuliza mtoto, atakwambia Noeli ni nguo mpya, chapati na nyama ya mbuzi. Si vibaya, kwa maana furaha ya mwili nayo ni zawadi ya Mungu. Lakini Noeli ya Garissa hutuvua mapambo mengi. Tarehe 25 Desemba maduka ya mjini yanafunguliwa kama siku nyingine. Jua ni kali. Adhana inasikika kwa wakati wake. Langoni mwa kanisa tunapekuliwa kabla ya kuingia, na askari wamesimama na bunduki. Katika hali hiyo Mkristo hubaki na kiini cha sikukuu yenyewe: Mungu aliondoka kwake akaja kukaa kwetu, mahali ambapo hakukuwa na nafasi.

Mtakatifu Yohane katika sura ya kwanza ya Injili yake anasema kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kati yetu. Mapadre walitufundisha katika kozi ya makatekista kwamba neno alilolitumia kwa Kigiriki lina maana ya kupiga hema. Sisi tunaoishi na wafugaji tunalielewa vizuri neno hilo. Tumeona jinsi jirani zetu Wasomali wa kuhamahama wanavyohama: vijiti vilivyopindwa na mikeka vinafungwa juu ya ngamia, na jioni nyumba inasimama mahali papya.

Lakini angalieni ni nani anayeijenga nyumba ile. Ni mama. Yeye ndiye anayeisimamisha, na yeye ndiye anayeibomoa na kuipakia. Mzee anaweza kutangaza kwamba mvua imenyesha upande fulani na kwamba malisho yako huko. Tangazo ni zuri, lakini nyumba haihami kwa tangazo. Inahama mama anapofungua kamba. Wababa wapendwa, shikeni mfano huo, maana nitaurudia.

Maria alisikia, na Yosefu alisikia

Tunapowafundisha wachumba, mara nyingi tunawapa Familia Takatifu kama mfano wa utii. Tunasema: Maria alitii, Yosefu alitii, nanyi mtii. Ni kweli, lakini tusipite haraka. Tusome polepole Injili ya Luka sura ya 1 na ya Mathayo sura ya 1.

Malaika alikwenda kwa Maria kwanza. Hakumpa Yosefu ujumbe ampelekee mchumba wake. Na Maria hakukubali kwa woga. Aliuliza swali, akajibiwa, ndipo akatoa neno lake. Mungu Mwenyezi alingoja jibu la msichana wa Nazareti.

Kisha kuna Yosefu. Yosefu alikuwa mtu mwadilifu, na alikuwa na mpango wake mwenyewe: kumwacha Maria kwa siri, bila kumwaibisha. Ulikuwa mpango wa huruma, ila haukuwa mpango wa Mungu. Je, Mungu alimwambia Maria aende akamlazimishe Yosefu? Hapana. Alimtumia Yosefu malaika wake mwenyewe, katika ndoto. Alipoamka, alifanya kama alivyoagizwa, akamchukua mke wake.

Mmeona, wapendwa? Wito ulikuwa mmoja, yaani kumpokea Mtoto, lakini Mungu alisema na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Hakumfanya mmoja kuwa tarishi na mwingine kuwa mpokea amri.

Kanisa linafuata njia hiyohiyo altareni. Padre hamwulizi bwana kwa niaba ya bibi. Kila mmoja anaulizwa, kila mmoja anajibu kwa sauti yake. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1057, inasema kwamba hiari ya wenye kuoana haiwezi kujaliziwa na mamlaka yoyote ya kibinadamu. Si baba, si askofu, si mume. Ikiwa siku ya kwanza ya ndoa hakuna anayeweza kujibu kwa mdomo wa mwenzake, ni nani aliyetupa ruhusa ya kufanya hivyo mwaka wa kumi?

Kosa langu mwenyewe

Nayasema haya si kwa kuwa mimi ni hodari. Nayasema kwa kuwa nilikosea.

Mwaka 2015 nilikuwa hapa Garissa, na mke wangu alikuwa nyumbani kwetu upande wa Mwingi na watoto. Mnakumbuka mambo ya miaka ile. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa siku ya Jumapili, la AIC na letu la Katoliki, na katika kanisa la AIC wengi waliuawa. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, wakiwamo walimu waliokuwa wakienda likizo ya Noeli. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 waliuawa huko huko Mandera. Na tarehe 2 Aprili 2015, siku ya Alhamisi Kuu, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi.

Watu wengi wa bara waliondoka. Mimi niliamua kubaki. Nilimpigia simu mama watoto, nikamwambia: “Mungu amenituma hapa. Siwezi kuwaacha waumini.” Akasema: “Sawa.” Nikashukuru moyoni kwamba nina mke mcha Mungu, nikaendelea na kazi. Sikujua kwamba lile “sawa” halikuwa kibali. Kimya kina mshindo mkuu.

Desemba ikafika. Nilimwambia sitakwenda nyumbani kwa Noeli kwa sababu kazi ya kanisani ni nyingi. Akasema tena: “Sawa.” Tarehe 21 Desemba, siku nne kabla ya Noeli, basi lililokuwa likienda Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Mke wangu alisikia redioni maneno mawili tu, “basi” na “Mandera”. Alijua kwamba mara nyingine nasafiri kwenda vigangoni. Alinipigia simu tangu asubuhi hadi jioni. Simu yangu ilikuwa imezimika, nami nilikuwa kanisani nikitengeneza pango la Noeli, nimeleta mchanga na majani, najiona mtumishi mwema.

Aliponipata usiku, nilicheka, nikamwambia: “Kwani mimi nina safari ya Mandera?” Yeye hakucheka. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: “Baba, wewe ulipoitwa ulijibu kwa mdomo wangu. Mimi sijawahi kuulizwa.” Akakata simu.

Nililala chini ya neti bila usingizi. Nilikuwa nimetengeneza mahali pa Mtoto Yesu kwa mchanga, na katika nyumba yangu mwenyewe nilikuwa nimemfungia mke wangu mlango.

Yule mwalimu wa ndani ya basi

Siku zilizofuata tulisikia habari kamili ya basi lile. Washambuliaji waliwataka abiria wajitenge, Waislamu upande huu na Wakristo upande huu. Abiria Waislamu walikataa. Akina mama waliwapa Wakristo wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, na Januari 2016 alifariki kwa majeraha hayo. Baada ya kifo chake serikali ilimpa nishani, na mwaka 2017 ilitoka filamu fupi, Watu Wote, iliyotokana na tukio hilo.

Mtu huyo hakuadhimisha Noeli. Jirani zetu wanamheshimu sana Bibi Mariamu, na Kurani ina sura nzima yenye jina lake, lakini hawaamini kama sisi kwamba Mtoto wake ni Mwana wa Mungu. Hata hivyo, siku nne kabla ya Noeli, Salah Farah alifanya lile ambalo watu wa Bethlehemu hawakulifanya: alimpa mgeni nafasi. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, baba wa Wakapuchini waliolijenga jimbo letu, alimwendea Sultani al-Kamil huko Misri mwaka 1219 bila silaha, na miaka minne baadaye, mwaka 1223, alitengeneza pango la Noeli huko Greccio. Nadhani angemtambua mwalimu yule kama ndugu.

Lakini mimi nilipomfikiria Salah Farah nilimfikiria pia mke wake. Mtu akitoa maisha yake, kuna mwingine nyumbani ambaye maisha yake yametolewa pamoja naye. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mama watoto.

Wito wa mseja na wito wa ndoa

Wazee wa Wajir wanamkumbuka Annalena Tonelli, mwanamke mlei kutoka Italia. Hakuwa mtawa. Alifika Wajir mwaka 1970, akawahudumia wagonjwa wa kifua kikuu kwa miaka mingi, akazidi kuwahudumia baadaye huko Somalia na Somaliland, na aliuawa Borama tarehe 5 Oktoba 2003. Alijitoa mzima mzima.

Tunamheshimu, lakini tusimwige kwa kukosa akili. Yeye hakuolewa, aliweza kutoa maisha yake yote kwa sababu yalikuwa mikononi mwake yote. Mtume Paulo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anatufundisha kwamba mume hana mamlaka juu ya mwili wake peke yake, wala mke vilevile. Mwenye ndoa akisema “Nimejitoa kwa Mungu”, ametoa na mali ya mwenzake. Ni lazima amwombe mwenye mali. Kwa aliyefunga ndoa, wito wa kwanza ni ndoa yenyewe. Wito mwingine wowote hupandwa ndani ya shamba hilo.

Kukaa ni utii, na kuondoka ni utii

Hapa wengine wataniuliza: “Katekista, unataka tuondoke?” Hapana. Soma Mathayo sura ya 2. Yosefu yuleyule aliyetii kwa kumchukua Maria, alitii pia kwa kukimbia usiku kwenda Misri, kwa sababu Herode alitaka kumwua Mtoto. Kisha alitii kwa kurudi. Kisha, aliposikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi, aliogopa, na Mungu hakumkemea kwa woga wake, alimwelekeza Galilaya.

Kwa hiyo wale walioondoka huku mwaka 2015 wasiitwe waoga, na sisi tuliobaki tusijiite mashujaa. Askofu Paul Darmanin na Askofu Joseph Alessandro walitoka Malta wakatutumikia hapa. Mwaka 2022 Askofu George Muthaka, mwana wa Kenya, akakabidhiwa jimbo. Mmoja huja, mwingine huenda, na kazi ni ya Mungu. Swali la wanandoa si kukaa au kuondoka. Swali ni hili: je, tumesikiliza wawili?

Tupime wito wetu

Mke wangu na mimi tulikaa na padre Januari 2016, tukazungumza siku mbili. Haikuwa rahisi. Katika yale tuliyojifunza, nawapa manne.

Kwanza, usiite mshahara sauti ya malaika. Tuseme ukweli: wengine wetu tuko huku kwa sababu ya marupurupu ya mazingira magumu, au kwa sababu kazi haikupatikana kwingine. Si dhambi. Kulisha watoto ni kazi takatifu. Lakini mwambie mwenzako sababu ya kweli. Ukimtaja Mungu mahali ambapo ungetaja karo, umemfunga mke wako mdomo, kwa maana ni nani atakayebishana na Mungu?

Pili, wito wa kweli hauogopi maswali. Maria aliuliza, na malaika hakukasirika. Mke akikuuliza “Kwa muda gani? Nani atawapeleka watoto hospitali? Nikizidiwa nimwite nani?”, hayo si maswali ya ukosefu wa imani.

Tatu, wito wa kweli haufichi kitu. Mwanamume anayesema ameitwa kukaa mbali, na huku ana nyumba ndogo mjini, hakuitwa na Mungu. Na mama aliyebaki nyumbani, akiwa na wa kumfariji kando, naye ajichunguze. Umbali ni jaribu zito. Msijidanganye kwamba nyinyi ni wa chuma. Tembeleaneni mara nyingi mnavyoweza, hata kama nauli ni ghali. Nauli ni nafuu kuliko ndoa.

Nne, jibu litolewe upya. Sisi tulikubaliana kwamba kila Majilio tutakaa chini na kuulizana: “Bado?” Kila mmoja anajibu kwa mdomo wake. Mwaka ule wa kwanza mke wangu alikuja Garissa likizo ya Agosti, akakaa wiki tatu, akayaona mazingira, akanywa chai kwa jirani zetu Waislamu. Sikumwambia aseme nini. Majilio ilipofika alisema: “Mwaka mmoja.” Tumeendelea hivyo, mwaka kwa mwaka, na Noeli tunasherehekea kwa zamu, mwaka huu kwao, mwaka ujao huku. Siku mmoja wetu atakaposema “basi”, nitafunga mizigo, na nitaamini kwamba ni malaika yuleyule anayesema.

Kwako wewe mama wa chini ya mwarobaini

Uliniuliza kama umeitwa au umeachwa. Mungu hakukuacha. Kama hujasikia neno, huenda ni kwa sababu hakuna aliyekupa nafasi ya kusikiliza. Usimtukane mume wako, wala usijifanye umekubali. Mwambie hivi: “Baba, nataka tusali juu ya jambo hili wawili, kisha nikupe jibu langu.” Huo si ukaidi. Maria alifanya hivyo mbele ya malaika.

Nawe mwalimu mwenzangu, ukisoma haya, kumbuka ile nyumba ya juu ya ngamia. Umetangaza mvua imenyesha wapi. Sasa keti, umngoje mama afungue kamba, na kama hafungui, umwulize kwa nini. Pengine ameona jambo ambalo wewe hujaliona.

Maswali ya kujadili mkiwa wawili

1. Je, kuna uamuzi mkubwa katika nyumba yetu ambao mmoja wetu aliujibu kwa niaba ya mwingine?

2. Neno “sawa” katika nyumba yetu lina maana gani?

3. Noeli hii, ni nani kati ya jirani zetu, Mkristo au Mwislamu, ambaye tunaweza kumpa nafasi?

Sala ya mume na mke

(Mshikane mikono. Kila mmoja aisome peke yake, kisha mmalize pamoja.)

Ee Mungu, ulingoja jibu la Maria na ukamvumilia Yosefu hadi alipoelewa. Utungoje na sisi. Unifundishe kumsikiliza mwenzangu kabla ya kulitaja jina lako. Tukiwa mbali, utulinde katika uaminifu. Tukiwa karibu, utulinde na mazoea. Mtoto Yesu azaliwe katika nyumba yetu, popote itakaposimama. Amina.

Nawatakia Noeli njema na Sikukuu njema ya Familia Takatifu.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristu,
Katekista, Garissa